Wakili Aliyejulikana Kizimbani

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, mawakili wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkasimama hadi mlangoni: asanteni kwa kunialika.

Mmeniomba nizungumzie kijana aliyetoka kwenye sheria akaingia kwenye siasa. Ningeweza kutaja majina ya hapa nyumbani, lakini nawajua. Nusu yenu mngepiga makofi, nusu mngeguna, na jioni ingekwisha tukibishana vyama. Kwa hiyo nimechagua mtu wa mbali, ambaye humu ndani hakuna aliyempigia kura wala aliyemnyima. Ni Mhindi, anaitwa Chandrashekhar Azad, mbunge wa Nagina katika Bunge la India tangu Juni 2024. Alipochaguliwa alikuwa na miaka 37. Ana shahada ya sheria, ila ukitafuta kesi kubwa aliyoitetea akiwa amevaa joho, utachoka kutafuta. Mahakamani alijulikana akiwa upande ule mwingine, kizimbani. Nataka tumtazame kwa jicho hilo: mwanasheria ambaye sheria ilimfundisha mengi zaidi baada ya kumkamata.

India haijawahi kuwa na uhaba wa wanasheria wanasiasa. Gandhi alikuwa wakili, Nehru wakili, Patel wakili, Jinnah kabla ya Pakistan alikuwa wakili wa bei kubwa kule Bombay, na Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandika katiba, alisomea uwakili Gray's Inn, London. Hata leo mlango huo uko wazi. Tejasvi Surya, wakili wa Bengaluru, aliingia bungeni 2019 akiwa na miaka 28, kwa tiketi ya BJP, chama kinachotawala India, katika jimbo la uchaguzi la Bangalore South ambalo chama chake kilikuwa kimelishika kwa miaka mingi. Bansuri Swaraj, wakili wa Mahakama ya Juu, alishinda New Delhi mwaka 2024. Mama yake, Sushma Swaraj, naye alikuwa wakili, na alifika hadi uwaziri wa mambo ya nje. Sisemi vijana hawa hawakutoka jasho. Nasema walikuta nyumba imeshajengwa, wakapewa chumba.

Azad hakuwa na nyumba hiyo. Alizaliwa Desemba 1986 wilayani Saharanpur, magharibi mwa Uttar Pradesh, mtoto wa mwalimu wa shule ya serikali. Uttar Pradesh ni jimbo lenye watu zaidi ya milioni 200 na viti 80 katika bunge la taifa. Anayetaka kuitawala India hulala akiliwaza na huamka akiliwaza. Familia ya Azad ni ya tabaka la Chamar, watu waliobebeshwa kwa karne nyingi kazi ya kuchuna mizoga na kutengeneza ngozi, wakahesabiwa miongoni mwa wale wasioguswa. Wenyewe leo hujiita Wadalit. Katiba ya India ya mwaka 1950, kifungu cha 17, ilipiga marufuku kutoguswa huko. Hilo liko kwenye kitabu. Kijijini ni habari nyingine, na mwanafunzi wa sheria aliyerudi Saharanpur kutoka Dehradun, alikosomea, hakuhitaji mhadhara ili aione tofauti.

Kitu cha kwanza kumpa jina kilikuwa kibao cha barabarani. Njiani kuingia kijijini kwao, Ghadkauli, kilisimamishwa kibao kinachomkaribisha mgeni katika kijiji cha Machamar Watukufu. Msicheke. Jina hilo, ukimtupia mtu hadharani kwa nia ya kumdhalilisha, unaweza kushtakiwa chini ya sheria ya mwaka 1989 inayowalinda Wadalit na watu wa makabila ya asili dhidi ya ukatili. Vijana wale wakaliandika wenyewe, kwa herufi kubwa, na sifa mbele yake. Majirani wa tabaka la Thakur, ambao ndio wenye mashamba na sauti katika eneo lile, walikasirika. Kibao kikazua vurugu, polisi wakaja, na kijana aliyesimama kuongea na polisi kwa lugha ya vifungu alikuwa Chandrashekhar.

Halafu ikaja shida ya shule. Watoto wa Kidalit katika shule moja ya eneo hilo walilalamika kwamba hawaachwi wanywe maji hadi wenzao wa tabaka la juu wamalize. Yeye na wenzake, wakiwemo Vinay Ratan Singh na Satish Kumar, walikuwa wameanza kukusanya vijana. Kufikia 2015 kikundi hicho kilikuwa na jina: Bhim Army, yaani jeshi la Bhim, kwa heshima ya Bhimrao Ambedkar, yule wa katiba, Mdalit mwenzao. Jeshi bila bunduki, lakini lenye pikipiki nyingi, skafu za buluu, na madarasa ya jioni ya bure kwa watoto wa vijijini. Wenyewe walihesabu madarasa hayo kwa mamia. Mimi nayapa uzito kuliko pikipiki, kwa sababu mzazi ambaye mtoto wake amefundishwa hesabu na kijana wa mtaani bila kulipa hata senti hamsahau kijana huyo siku ya kura.

Tufike 2017, maana hapo ndipo mkasa ulipo. Tarehe 5 Mei, katika kijiji cha Shabbirpur, Mathakur walifanya maandamano ya kumuenzi Maharana Pratap, shujaa wao wa karne ya 16, muziki ukipigwa kwa sauti ya juu. Wadalit wakapinga. Kabla ya hapo palikuwa na ugomvi mwingine: Wadalit walitaka kuweka sanamu ya Ambedkar katika eneo la hekalu lao wakakataliwa. Siku hiyo mawe yalirushwa, kijana mmoja wa Kithakur akafa, na nyumba za Wadalit kwa makumi zikachomwa moto. Siku nne baadaye Bhim Army ilijaribu kufanya mkutano mjini Saharanpur kudai fidia. Polisi wakauzuia, mji ukachafuka, magari yakachomwa. Tarehe 21 Mei maelfu ya watu walijaa Jantar Mantar, mahali pa maandamano jijini Delhi, na kijana aliyekuwa akitafutwa na polisi wa jimbo lake akatokea jukwaani mbele ya kamera zote za nchi. Mwezi wa Juni walimkamata Dalhousie, mji wa milimani katika jimbo la jirani la Himachal Pradesh.

Wanafunzi wa sheria, hapa naomba mkae sawa.

Alishtakiwa kwa kesi nyingi: kufanya fujo, kuchochea, kuharibu mali, na kadhalika. Alikaa Saharanpur jela huku mawakili wake wakiomba dhamana kesi moja baada ya nyingine. Tarehe 2 Novemba 2017, Mahakama Kuu ya Allahabad ilimpa dhamana katika kesi zilizokuwa zimebaki, na ikafika mahali pa kusema kwamba mashtaka yalionekana kusukumwa na siasa. Familia ikajiandaa kumpokea. Kesho yake, tarehe 3, kabla hajavuka lango la jela, serikali ya jimbo ikamletea amri mpya, ya kizuizini, chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1980.

Sheria hiyo inafanyaje kazi? Mkuu wa wilaya anaweza kuamuru mtu azuiliwe si kwa alichokifanya, bali kwa anachodhaniwa atakifanya. Sababu lazima aelezwe ndani ya siku 5, au baadaye kidogo ikiwa kuna hali ya kipekee. Amri hupelekwa mbele ya bodi ya ushauri ndani ya wiki 3, na bodi hutoa maoni ndani ya wiki 7. Ikiridhika, mtu anaweza kukaa hadi miezi 12. Hakuna mashtaka, hakuna ushahidi wa kuhojiwa, na mbele ya bodi hiyo mzuiliwa hana haki ya kuwakilishwa na wakili. Mtu mwenye shahada ya sheria, aliyetoka kushinda Mahakama Kuu jana yake, analetewa utaratibu ambao ndani yake wakili haruhusiwi kufungua kinywa.

Wenye umri wangu humu ndani hawashangai. Sheria ya kuweka watu kizuizini tuliipitisha wenyewe mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mbichi. Na nasaba ya sheria zetu na za India ni ya zamani: kabla ya mwaka 1967, mahakama za Tanganyika zilipokea ushahidi kwa kufuata sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872. Tumelishwa chungu kimoja na mpishi yuleyule.

Turudi kwenye kizuizi. Azad alizoea kuinua katiba mkononi kwenye mikutano, kama vile mhubiri anavyoinua kitabu chake. Lakini fungueni katiba hiyohiyo kifungu cha 22. Kinampa mtu aliyekamatwa haki ya wakili na haki ya kufikishwa kwa hakimu ndani ya saa 24, halafu kinageuka na kusema haki hizo hazimhusu aliyezuiliwa chini ya sheria ya kizuizi. Imeandikwa humohumo. Na aliyesimama katika Bunge la Katiba, Septemba 1949, kuwasilisha na kutetea kifungu hicho alikuwa Ambedkar mwenyewe. Kwa haki tumweleze vizuri: wajumbe walikuwa wameshakataa kuweka katika kifungu cha 21, kile cha uhai na uhuru wa mtu, ulinzi mpana wa mwenendo wa haki, na Ambedkar alikuwa anajaribu kurudisha angalau sehemu ya kilichopotea, muda wa mwisho wa kuzuiliwa, bodi ya ushauri, sababu kuelezwa. Alipata alichoweza kupata. Miaka 68 baadaye, mfuasi wake aliyelipa jeshi lake jina la Bhim akalala jela kwa mlango huo. Nikifundisha katiba, mfano huu ndio natumia, kwa sababu unamtoa mwanafunzi kwenye kuiabudu katiba na kumrudisha kwenye kuisoma.

Aliachiwa tarehe 14 Septemba 2018, saa nane na kitu za usiku, kabla amri haijafika mwisho wake Novemba. Serikali ilisema imezingatia ombi la mama yake. Wapinzani wakasema imezingatia uchaguzi wa 2019. Nje ya jela palikuwa pamejaa watu usiku ule. Aliingia akiwa kiongozi wa vijana wa wilaya moja, akatoka anajulikana hadi majimbo ya mbali ya Kerala na Maharashtra. Ukitaka kujua nani alimjenga mwanasiasa huyu, mtaje pia yule aliyesaini amri ya kizuizi.

Kuhusu sura yake, maana najua mtaniuliza. Masharubu yamesokotwa ncha juu, miwani ya jua, skafu ya buluu shingoni. Kwa muda alijiita pia Ravan, jina la mfalme aliye adui wa Rama katika Ramayana, utenzi mtakatifu wa Wahindu, kisha akaliacha. Wengine humwona mpenda picha, na nadhani wana hoja. Lakini masharubu kule si urembo tu. Mwaka huohuo wa 2017, huko Gujarat, vijana wa Kidalit walishambuliwa kwa sababu wamefuga masharubu, mambo ya wakubwa hayo. Wenzao wakajibu kwa kubadilisha picha zao za WhatsApp na kuweka mchoro wa masharubu. Ukilijua hilo, zile picha za Azad unazitazama tofauti kidogo.

Sasa Desemba 2019. Serikali ya taifa ilikuwa imepitisha marekebisho ya sheria ya uraia, yanayowafungulia njia wahamiaji kutoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan, wa dini sita zilizotajwa kwa majina, na Uislamu haumo. Ijumaa ya tarehe 20, baada ya swala, ngazi za msikiti wa Jama Masjid, Delhi ya zamani, zilijaa watu. Polisi walikuwa wamepania Azad asifike. Akatokea katikati ya umati, katiba mkononi, akasoma utangulizi wake: sisi watu wa India. Mdalit, akiwa mbele ya msikiti wa karne ya 17, anawasomea Waislamu maneno ya katiba iliyosimamiwa na Mdalit mwenzake. Picha ile ilizunguka dunia. Alfajiri ya tarehe 21 alikuwa mikononi mwa polisi.

Katikati ya Januari 2020 ombi lake la dhamana lilisikilizwa mahakama ya Tis Hazari, mbele ya jaji Kamini Lau. Someni mwenendo wa siku ile kama mlivyosoma kesi za darasani. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba mtuhumiwa aliandika mtandaoni kuwaita watu Jama Masjid waandamane. Jaji akamuuliza kosa liko wapi katika kuandamana, na ni sheria ipi inayokataza watu kukusanyika nje ya nyumba ya ibada. Akamuuliza kama ameisoma katiba. Akamwambia anaizungumzia Jama Masjid kana kwamba ni Pakistan, na kwamba hata ingekuwa Pakistan mtu angeweza kwenda kuandamana huko. Kisha akasema jambo ambalo wanasiasa wa pande zote walipaswa kulibandika ukutani: watu wako barabarani kwa sababu yaliyopaswa kusemwa ndani ya bunge hayakusemwa.

Dhamana akapata, ila kwa masharti: akae nje ya Delhi wiki 4, kwa kuwa uchaguzi wa jiji ulikuwa karibu, na kila Jumamosi aripoti kituo cha polisi Saharanpur. Mawakili wake walirudi mahakamani kwa hoja kwamba kumzuia mtu wa siasa asifike mji mkuu ni kumnyima siasa yenyewe, na masharti yakalegezwa. Ni kazi ndogo ya karatasi, haikuwa na kamera, na ndiyo kazi ambayo wengi wenu mtaifanya maisha yenu yote.

Miezi miwili baadaye, tarehe 15 Machi 2020, akaanzisha chama: Azad Samaj Party, na mabanoni jina la Kanshi Ram. Tarehe ilichaguliwa kwa makusudi, ni siku aliyozaliwa Kanshi Ram, mwanzilishi wa Bahujan Samaj Party, aliyefariki 2006. Tafsiri yake ilikuwa wazi kwa kila mtu Uttar Pradesh. Kijana alikuwa anadai urithi ambao Mayawati, mrithi rasmi wa Kanshi Ram, bado alikuwa ameukalia. Na Mayawati si mtu wa kubezwa. Naye ana shahada ya sheria, aliongoza serikali ya Uttar Pradesh mara nne, na mwaka 2007 chama chake kilipata viti 206 kati ya 403 peke yake. Kufikia 2022 kilikuwa kimebaki na kiti kimoja. Wapiga kura wake hawakufa. Walikuwa wanatafuta pa kwenda.

Mwanzo wa chama ulikuwa mbaya. Mwaka 2022 Azad alitaka kuungana na Samajwadi Party ya Akhilesh Yadav, chama kikubwa cha upinzani cha Uttar Pradesh, mazungumzo ya mgawo wa viti yakavunjika, akatoka akilalamika mbele ya waandishi kwamba amedharauliwa. Akaamua kugombea Gorakhpur mjini dhidi ya waziri mkuu wa jimbo mwenyewe, Yogi Adityanath, katika ngome yake. Hakufikisha kura elfu nane. Kwa sheria ya India mgombea asiyepata moja ya sita ya kura halali hupoteza dhamana aliyoweka, na yeye aliipoteza. Wapo wanaouita ushujaa. Mimi naona alicheza na kamera wakati chama kilimhitaji acheze na hesabu. Juni 2023 akapigwa risasi akiwa ndani ya gari lake Deoband. Risasi ilimparaza tu kiunoni, akapona.

Safari ya 2024 hesabu zake zilikaa sawa. Alichagua Nagina, wilaya ya Bijnor, wilaya ileile iliyompeleka Mayawati bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Nagina ni jimbo la uchaguzi lililotengwa kwa Wadalit, na hapa lazima nieleze, maana mtafikiria viti maalum vya kwetu. Si hivyo. India ina majimbo ya uchaguzi 84 ambayo mgombea lazima awe Mdalit, lakini wapiga kura ni watu wote, wa kila tabaka na kila dini. Utaratibu huu mzizi wake ni makubaliano ya Poona ya mwaka 1932. Ambedkar alitaka Wadalit wapige kura peke yao kuchagua watu wao. Gandhi, akiwa gereza la Yerawada, akafunga kula hadi Ambedkar akakubali viti vitengwe lakini kura ziwe za wote. Matokeo yake ni kwamba Mdalit anayewafurahisha Wadalit peke yao hashindi hata kiti kilichotengwa kwa ajili ya Wadalit.

Nagina ina Wadalit wengi, na ina Waislamu wengi zaidi. Zile ngazi za Jama Masjid zikaanza kulipa. Wapinzani wake walikuwa wa uzito: BJP yenye serikali mbili, ya jimbo na ya taifa, Samajwadi iliyosimamisha jaji mstaafu, na chama cha Mayawati, kilichokuwa kinakishikilia kiti hicho tangu 2019. Alama yake kwenye mashine ya kura ilikuwa birika la chai. Wafuasi walitembea vijijini wamebeba mabirika, na wazee wasiosoma hawakuhitaji maelezo zaidi. Kura zilipohesabiwa tarehe 4 Juni, Azad alikuwa na 512,552, akimzidi wa BJP kwa 151,473. Mgombea wa Mayawati alipata 13,272. Hapo someni vizuri: wapiga kura wa Mayawati walihama karibu wote kwa pamoja, na chama kilichoshinda kiti hicho miaka 5 kabla kikashika nafasi ya mbali kabisa. Katika nchi nzima chama cha Mayawati hakikupata hata mbunge mmoja.

Akaapa, akamalizia kwa Jai Bhim na Jai Samvidhan, yaani iishi katiba. Kisha ikaanza kazi ambayo haina umati. Yeye ni mmoja kati ya wabunge 543, na katika Bunge la India muda wa kuzungumza hugawanywa kwa ukubwa wa chama. Chama cha mtu mmoja hupata dakika chache, mara nyingi jioni, viti vikiwa vimeshapungua watu. Hayumo rasmi upande wa serikali wala kwenye muungano mkuu wa upinzani. Kuna faida moja ambayo wanasheria mtaiona haraka: tangu mwaka 1985, Jedwali la Kumi la katiba linamnyang'anya kiti mbunge anayepiga kura kinyume na agizo la chama chake. Wabunge 240 wa BJP wamefungwa na agizo hilo. Azad ndiye chama, ndiye anayetoa agizo. Anaweza kusema anachotaka. Kama kuna anayesikiliza, hilo ni suala lingine.

Halafu ana mfuko wa maendeleo ya jimbo kama kila mbunge, rupia milioni 50 kwa mwaka, ambazo yeye hupendekeza miradi na ofisi ya wilaya ndiyo inayotekeleza. Ofisi ya wilaya, nawakumbusha, ndiyo inayosaini amri za kizuizi. Mtu wa maandamano analazimika sasa kunywa chai na mkuu wa wilaya, afuatilie kalavati, taa za barabarani na madarasa. Hati yake ya kiapo ya mgombea wa 2024 iliorodhesha zaidi ya kesi 30 ambazo bado hazijaisha, kwa hiyo tarehe za mahakama nazo zinadai nafasi kwenye kalenda ileile.

Je, ushindi wa Nagina unahamishika? Hadi hapa jibu si zuri kwake. Kwa uchaguzi wa Oktoba 2024 huko Haryana, jimbo la jirani, aliungana na chama kingine, wakatoka mikono mitupu wote wawili. Mwezi uliofuata, kwenye chaguzi ndogo za Uttar Pradesh, wagombea wake wa Kundarki na Meerapur walishika nafasi ya tatu. Walikiacha nyuma chama cha Mayawati, lakini nafasi ya tatu haiapishwi. Watu wanamfuata yeye, bado hawajakifuata chama. Kila bango lina sura yake, kila mkutano unamsubiri yeye, na sijaona mtu wa pili wa chama hicho ambaye mwananchi wa kawaida wa Delhi angemtaja kwa jina. Kanshi Ram, ambaye jina lake limeandikwa kwenye chama, alitumia miaka kupanga wafanyakazi wa serikali wa Kidalit, michango na ofisi za wilaya kabla hajatafuta kiti. Azad amepata kiti kwanza. Kujenga yale mengine ukiwa tayari mbunge, wakati kila siku kuna mahali panapowaka moto na watu wanakuita ufike, ni kazi ngumu zaidi, na sioni dalili kwamba anaipenda.

Uchaguzi wa bunge la Uttar Pradesh, viti 403, umepangwa 2027. Mkitaka kumfuatilia, msitazame Delhi. Tazameni magharibi mwa jimbo lile, Saharanpur, Bijnor, Muzaffarnagar, muone kama atakubali tena kukaa mezani na Samajwadi wagawane viti, na kama safari hii atasimamisha watu wenye majina yao wenyewe.

Naona mikono imeshaanza kunyooka kule nyuma, na mwenyekiti ananionyesha saa. Tuanze na dada yule wa karibu na dirisha.